Mtoi Ako Gredi ya Sita na Hawezi Soma: Dawa Ilipatikana Magharibi Kitambo

Kila mwaka matokeo yakitoka, kelele ni zile zile: serikali ilete vitabu, iongeze madarasa, ilete tableti. Sawa. Lakini kuna risto ya Busia wasee wengi hawajawahi skia.

Miaka ya tisini, watafiti akiwemo Michael Kremer waligawa vitabu kwa shule za msingi za huko, zingine zikabaki bila, halafu wakalinganisha maksi. Unajua nani walipanda? Ni wale watoi walikuwa mbele tayari. Wengine, wapi! Vitabu vilikuwa vya Kizungu, na kwa watoi wengi wa huko hiyo ni lugha ya tatu. Ukimpea mtoi kitabu hawezi soma, umemwongezea tu mzigo kwa begi.

Halafu 2003 ikaja elimu ya bure, madarasa yakafura. 2005, Kremer akarudi Magharibi na Esther Duflo na Pascaline Dupas. Shule 121 ziliongezewa mwalimu wa darasa la kwanza ili darasa ligawanywe mara mbili. Karibu nusu ya hizo shule ziligawa watoi kulingana na vile wanajua, zingine zikagawa tu ovyo. Kwa zile za kwanza, wale wa mbele walipanda, na wale wa nyuma pia wakapanda. Sababu ni simple: odijo alipata darasa lenye anaweza kufunza kutoka pale watoi wamefika.

Hapo ndio shida yetu iko. Odijo wa Kenya anakimbizana na silabasi. Mtoi akiachwa nyuma gredi ya pili, hakuna mtu anarudi kumchukua. Anasukumwa tu mbele mpaka sekondari ya chini, na huko anapata masomo kibao na bado herufi zinamsumbua.

Kuna wale watasema kugawa watoi ni kuwaita wengine mafala. Hiyo hofu iko na maana, juu kuna shule huweka "darasa la wajinga" na kulisahau. Dawa ni kugawa kwa saa moja tu ya kusoma na hesabu, halafu kupima tena kila baada ya wiki kadhaa. Mtoi akishika, anahama kundi.

Na si lazima tungoje pesa mob. Mradi wa Tusome, ulioanza shule zote za umma 2015, ulikuwa na kitabu kwa kila mtoi wa madarasa ya chini, lakini pia mwongozo kwa mwalimu na afisa wa kumtembelea darasani. Kitabu hakikuachwa peke yake, na kusoma kukapanda.

Kwa hivyo mzazi, mkutano ujao wa shule usiulize mtoi alikuwa namba ngapi. Uliza hivi: anaweza soma nini leo bila kusaidiwa, na nani anamfunza kuanzia hapo? Mwalimu mkuu akikosa jibu, hapo ndio kazi inaanzia.