Ubao wa Mchago na Deni la Harusi



Kitanda cha wazee wetu wa pwani kilikuwa na majina mengi kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Miti ya ubavuni iliitwa mifumbati, ya kichwani na miguuni vitakizo, miguu yake matendegu, na upande wa kulaza kichwa ndio mchago. Mwenye uwezo alilala juu ya samadari yenye nakshi, na asiye nao juu ya kitanda cha kamba. Siku hizi neno lililobaki vinywani ni moja, hedibodi, yaani ule ubao wa mchago uliotiwa sponji na kuvikwa mahameli, na vifungo vikazamishwa safu kwa safu.

Ubao huo ndio uliotuletea barua kutoka Ronge, kule milimani juu ya Mwatate, kaunti ya Taita Taveta. Kijana ametimiza mahari aliyotajiwa. Baada ya hapo wakwe zake, walioko Mombasa, wametaja na kitanda cha namna hiyo. Muuzaji mmoja amekubali kumpa kwa malipo ya kila mwezi, na nikaha iliyopangwa Mfunguo Mosi imesogezwa hadi Mfunguo Tano ili apatikane wa kutanguliza. Aliposema kwamba aweza kuutengeneza mwenyewe, mjomba wa binti alijibu kuwa hiyo ni dharau. Anatuuliza afanyeje.

Tuanze na deni. Kuuziwa kitu kwa bei ya juu zaidi kwa sababu ya muda, bei ikiwa moja na imekubaliwa tangu mwanzo, jamhuri ya wanazuoni wameiruhusu. Lakini mkataba alioutunukulia una sharti la kuongezewa fedha kila anapochelewa, na hiyo ni riba bila kuzunguka maneno. Mkataba ule asiutie saini. Na kwa mjomba tunasema kwa heshima: kitanda si mahari wala si nguzo ya nikaha. Ni ada njema pale inapowezekana, na ada haina haki ya kuwaweka vijana wawili miezi minne wakingojeana. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokewa na Bukhari na Muslim akieleza kuwa tandiko la Mtume, rehema na amani zimshukie, lilikuwa la ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Ngozi juu, nyuzi ndani: kazi hiyo haina tofauti na hii tunayoizungumza, na hatukusikia aliyeiita dharau.

Sasa kazi yenyewe, ambayo tumeiuliza kwa mafundi wa viti kabla ya kuandika.

Kitanda cha futi 5 kwa 6 chahitaji ubao wa upana wa futi 5. Kwa kimo, watu wengi hukosea wakafanya mrefu kupita haja. Sehemu ya kutiwa sponji yatosha kuwa futi 2 na nusu, ianzie chini kidogo ya uso wa godoro, na miguu miwili ya mbao iishushe hadi sakafuni. Plaiwudi moja huuzwa futi 8 kwa 4, kwa hiyo kipande hicho kitatoka na mabaki yatafaa rafu. Unene wa milimita 12 wafaa, kwani nyembamba kuliko hiyo hubonyea mtu anapoegemea. Miguu yaweza kuwa ya mgrivea, mti usio adimu milimani, ila mbao ziwe kavu kweli. Mbao mbichi ikifungwa leo, baada ya miezi michache itapinda na kuuvuta ubao wote.

Sponji ya inchi 2, iwe ngumu, si ile laini ya kubonyea kwa kidole. Kijana wetu ametaja kuwa sponji imemshinda bei. Basi yuko Mwatate, penye moja ya mashamba makubwa ya mkonge duniani, na akina mama wa Kitaita husuka vikapu kwa nyuzi hizo. Katani fupi isiyofaa kamba, ikifuliwa, ikaanikwa mpaka ikauka kabisa na kuchambuliwa kwa vidole, hujazia vizuri na haidhoofu upesi. Huchoma, ndiyo, kwa hiyo hufunikwa kwa gunia lililovutwa barabara, kisha tabaka jembamba la sufi au pamba, kisha amerikani, ndipo kitambaa cha nje. Sisi, tungeulizwa, tungechagua katani kuliko sponji. Na ajazaye sponji ajue kuwa hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Stima ikipotea, koroboi na mshumaa vikae mbali na mchago.

Akitaka vifungo, matundu yatobolewe kwenye plaiwudi kabla ya kujaza, maana baadaye hayaonekani. Na katika kuvuta kitambaa ndipo kazi ya nyumbani hujulikana kuwa ya nyumbani. Asianze na pembe. Ubao ulazwe kifudifudi juu ya kitambaa, upigwe pini moja katikati ya ukingo wa juu, kisha katikati ya ule wa chini, kisha katikati ya kila ubavu. Toka hapo aelekee pembeni hatua kwa hatua, akivuta kwa nguvu ile ile pande zote. Pembe ni za mwisho, na hukunjwa kama bahasha. Asiye na bunduki ya pini atumie misumari mifupi yenye vichwa vipana. Mkono utauma, ubao utakuwa sawa.

Miguu ifungwe kwa bolti kwenye kitakizo, isiachwe kuegemea ukuta tu. Nyumba za Ronge hupata ubaridi na ukungu, na ubao ukigusa ukuta wenye unyevu utaota koga kwa nyuma. Nafasi ya vidole viwili yatosha.

Limebaki la kitambaa. Hariri halisi, katika madhehebu yetu ya Shafi, mwanamume haruhusiwi kuikalia wala kuiegemea, na mchago ni wa wote wawili. Nyingi iitwayo hariri madukani ni polista. Uzi mmoja uchomwe, ukinuka nywele ni hariri, ukiyeyuka na kufanya tone gumu si hariri. Picha za wanyama ziepukwe, maua hayana neno.

Rangi tusimchagulie, wala asichague yeye. Amwombe bibi harusi aitafute huko huko Mombasa pamoja na mama yake, na mjomba akipenda afuatane nao. Kisha wampe msafiri wa Voi ailete. Yadi 2 zatosha ubao usio na vifungo. Wakitaka vifungo waongeze nusu yadi, kwa kuwa kila kifungo hula kitambaa. Upana usipungue inchi 54. Nasi tumemwandikia kuwa tarehe ya Mfunguo Mosi irudishwe mezani kabla kitambaa hakijakatwa.