Dirisha la Wodi ni Sehemu ya Tiba

Lidia Morawska si tabibu. Ni mwanafizikia wa nchini Australia aliyebobea katika kupima chembechembe zinazoelea hewani. Mwezi Julai 2020, yeye na Donald Milton, pamoja na wanasayansi wenzao zaidi ya 200, waliwasihi wataalamu wa tiba wakubali kwamba virusi vya korona husafiri pia katika chembe ndogo mno, wala si katika matone makubwa pekee. Utabibu ulichelewa kuwasikiliza. Kosa hilo lisirudiwe. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa. Hivyo kufungua madirisha ya wodi na vyumba vya kusubiria si starehe, ni kinga. Mgonjwa aombaye dirisha lifunguliwe asihesabiwe msumbufu: anadai haki yake na ya jirani yake.