Nchi ya Chai Inastahili Riwaya Yake

Anayeingia duka la vitabu mjini Kericho au Bomet hupokewa na vitabu vya kiada, madaftari na miongozo ya mitihani. Riwaya zipo, lakini nyingi ni vitabu teule: zamani kidogo Kidagaa Kimemwozea, kisha Chozi la Heri, sasa Nguu za Jadi. KCSE ikipita, kitabu hurithiwa na mdogo wa mtahiniwa, na kusoma kwa wengi huishia hapo. Ni hasara kubwa, maana msomaji wa maeneo ya majani chai ana vitabu tele vya kupenda, na baadhi yake vinamgusa kuliko anavyodhani.

Kwenye rafu yake, nafasi ya kwanza ipewe Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1978. Ni hadithi ya Unguja, ya bwana mwenye mashamba ya karafuu na ya Kijakazi, mtumishi anayemtukuza bwana huyo hata anapodhulumiwa, na ambaye macho yake yanachelewa kufunguka Mapinduzi ya 1964 yanapofika. Ni kweli Fuad amechorwa bila hata chembe ya wema, na hilo linapunguza nguvu ya kitabu. Lakini Kijakazi! Mtu aliyelelewa katika kambi ya wafanyakazi wa chai, katika nyumba ya mwajiri juu ya ardhi ya mwajiri, ambako siku ya mama yake ilipimwa kwa kilo kwenye mizani, hatahitaji mwalimu wa kumfafanulia moyo wa mwanamke huyu.

Hapo ndipo swali linapozuka. Karafuu imepata riwaya iliyovuka bahari na kutafsiriwa kwa Kifaransa. Chai je? Kampuni za Uingereza zilianza kufungua mashamba makubwa Kericho katikati ya miaka ya 1920, juu ya ardhi ya Wakipsigis. Ni karne nzima ya kunyang'anywa ardhi, ya wafanyakazi kuja kutoka Kisii na sehemu nyingine za Nyanza, ya ndoa, migomo na bonasi, hadi Mei 2023 waandamanaji walipoteketeza mashine za kuchuna majani, wakisema zinawanyima kazi. Mwandishi angetaka nini zaidi? Hata hivyo, riwaya ya Kiswahili ya nchi ya chai inayotajwa na kila msomaji bado haijapatikana.

Ushairi una habari njema zaidi. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla haina budi kuwemo. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya kijitabu chake Kenya Twendapi?, akatunga gerezani kwa kuandika kwenye karatasi za chooni, na diwani ikachapishwa mwaka 1973. Asiyeamini kwamba tungo za arudhi zinaweza kubeba hasira ya siasa na aisome. Lakini Wakipsigis nao wana ushairi wao, na mwingi uko kwenye nyimbo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake ya kunasa sauti, akawarekodi wasichana wakiimba Chemirocha, wimbo uliozaliwa baada ya watu wa huku kusikia santuri za mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, na kumgeuza kiumbe nusu mtu, nusu paa. Wimbo huo umesikika duniani kote. Zaidi ya miaka 60 baadaye, watafiti walirudisha rekodi hizo Kapkatet. Kinachokosekana ni diwani ya nyimbo kama hizo, yenye Kikipsigis upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, ambayo mtoto wa Litein au Sotik angeweza kuinunua.

Kwa upande wa tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama ya marehemu Ken Walibora inatosha kumwonyesha yeyote kwamba utoto wa kijijini ni mali ya fasihi. Ikisomwa sambamba na Kenya Diary ya Richard Meinertzhagen, iliyochapishwa mwaka 1957, tofauti inauma. Huyu ndiye afisa aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905, na simulizi yake ndiyo iliyonukuliwa kwa miongo, ingawa wachunguzi wa baadaye wamemtia hatiani kwa kughushi mengi. Aliyefyatua risasi ameacha kitabu. Watu wa Talai, ukoo wa Koitalel, waliohamishwa kwa nguvu kutoka Kericho hadi Gwasi kwa sheria ya mwaka 1934, wameacha ushahidi wao zaidi vinywani mwa wazee na kwenye majalada ya madai. Taaitta Toweett, mwana wa Kericho aliyekuwa rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO mwaka 1976, aliandika historia simulizi ya Wakipsigis, ikatoka mwaka 1979. Kitabu hicho kingestahili kuwa katika kila shule ya sekondari ya kaunti za Kericho na Bomet.

Picha nazo? Chai hupigwa picha kila siku: zulia la kijani, vikapu mgongoni, nyuso hazionekani vizuri, majina hayapo kabisa. Kitabu cha kufungua macho ni kile cha picha za Priya Ramrakha, mpigapicha Mkenya aliyeuawa akiwa kazini Biafra mwaka 1968. Hazina yake ilipatikana ndani ya gereji Nairobi, ikatolewa kitabu mwaka 2018. Bila shaka ziko picha nyingine katika masanduku ya bati huko Kapkoros, Silibwet na Chagaik: harusi za kambini, timu za mpira za mashamba, akina mama mbele ya kiwanda.

Kaunti za Kericho na Bomet zingeweza kuanza kwa gharama ndogo: mashindano ya hadithi na tawasifu kwa Kiswahili na Kikipsigis, na mahali maktabani pa kunakili picha za familia kisha kuzirudisha kwa wenyewe. Na wewe msomaji, ukienda nyumbani Desemba, muulize nyanya ni akina nani waliomo kwenye picha zile, uandike majina yao nyuma kabla hajasahau.