Kidonge cha malaria nacho kinahitaji mtumbwi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Ramadhani moja iliyopita, mzee mmoja wa safu ya kwanza msikitini kwetu hapa Mlimba alipimwa akakutwa na malaria. Akapewa dawa ya mseto, hii tunayoiita ALu. Hakuacha kufunga. Vidonge alivimeza wakati wa futari kwa maji na tende moja, maana chakula kilikuwa hakipiti, na wakati wa daku kwa chai ya rangi. Siku ya tatu akasimama tarawehe, nami nikamtaja mbele ya watu kuwa ni mfano wa subira.

Baada ya wiki tatu homa ilirudi, safari hii kwa nguvu zote. Vijana wakamkimbiza Ifakara, akaongezewa damu. Alhamdulillah alipona. Inawezekana aliumwa na mbu mwingine, mbu wa bonde hili hawana likizo. Lakini muuguzi alimuuliza swali ambalo mimi imamu wake sikumuuliza: "Mzee, dawa ulimeza na chakula gani?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Aliyenifafanulia ni kijana niliyemfundisha Juzuu Amma, sasa anasoma sayansi chuoni. Nawaeleza kama nilivyoelewa, mimi niliyeishia kidato cha nne.

Mama yeyote jikoni anajua kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Sasa mwili wetu sehemu kubwa ni maji, lakini kila seli imezungushiwa utando mwembamba mno wa mafuta, tabaka mbili zilizolaliana. Mafuta ya namna hii wataalamu wanayaita lipidi. Na ndani ya seli mna vyumba vidogo vyenye tando zao. Lipidi nyingi hutengenezwa chumba hiki zikahitajika chumba kile, na katikati ni majimaji. Zitavukaje?

Watu wa bonde hili jibu mnalo. Kabla ya daraja kubwa la Mto Kilombero, mtu wa upande huu akitaka kwenda Mahenge alivuka kwa kivuko au mtumbwi. Seli nazo Allah amezipa mitumbwi. Ni protini zenye mfuko ndani yake. Lipidi inakaa mfukoni haiguswi na maji, protini inavuka nayo kutoka utando huu, inaishusha utando ule. Na ziko protini ndefu ambazo ni daraja kabisa. Zinasimama pale tando mbili zinapokaribiana, na lipidi zinapita juu yake. Mojawapo inaitwa VPS13, na kazi yake ya kubeba lipidi wataalamu waliionyesha mwaka 2018 tu. Sisi tumevuka nayo tangu tumboni mwa mama zetu. Subhanallah.

Hata mafuta ya chakula yanahitaji wabebaji. Ukila, nyongo huyavunjavunja, yakaingia katika seli za utumbo. Humo protini maalumu huyapakia kwenye vifurushi ili yasafiri hadi kwenye damu. Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila protini hiyo. Mafuta hukwama palepale utumboni, na vitamini zinazosafiri na mafuta nazo wanazikosa. Mzigo upo, mtumbwi haupo.

Sasa turudi kwenye kidonge. ALu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemetha hupiga haraka na kuondoka haraka, ndani ya saa chache. Lumefantrini huenda taratibu lakini hubaki mwilini kwa siku kadhaa, ikimalizia vimelea vilivyobaki. Na hii lumefantrini tabia yake ni ya mafuta, haipatani na maji. Ikipata chakula chenye mafuta inaingia nayo, na ikifika kwenye damu inabebwa na protini, hasa zile zinazobeba mafuta. Ikikuta tumbo tupu, sehemu kubwa inapita na kutoka. Katika majaribio kwa watu wazima wenye afya, mlo wenye mafuta mengi uliongeza lumefantrini kwenye damu kiasi cha mara 16.

Wala haihitajiki karamu. Watafiti wengine walipima wakaona kwamba mililita 36 za maziwa ya soya, zenye gramu 1.2 tu za mafuta, zinatosha kuifikisha karibu na kiwango cha juu kabisa. Hiyo ni mikupuo michache ya maziwa, au bakuli dogo la uji uliotiwa karanga.

Kumbukeni pia kwamba kimelea hafungi. Ndani ya chembe ya damu, kila baada ya saa 48 hivi, anazaa vimelea wapya kati ya 16 na 32, na kila mmoja anahitaji utando wake. Lipidi za kujengea anazinyang'anya kwenye damu yako.

Atasema mtu: "Sheikh, nitameza futari na daku, saumu yangu isiharibike." Nami nasema, mwenye homa wakati wa futari mara nyingi hapitishi zaidi ya tonge moja, kama mzee wetu. Anahitaji mchana mzima wa kujaribu tena na tena, maji kidogo, uji kidogo. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185: atalipa siku nyingine. Kuikataa ruhusa hiyo huku mwili unateketea si uchamungu, na sisi tunaoshika mimbari tuache kuwasifu wanaoikataa. Mimi nilifanya hivyo, nikakosea. Nilimwomba radhi mzee wetu mbele ya safu ileile.

Hili si la Ramadhani peke yake. Msimu wa mpunga mtu yuko kwenye dungu shambani, anameza vidonge asubuhi kwa maji na kuingia majarubani. Siku ya pili akipata nafuu anaweka vilivyobaki akiba. Homa ikirudi anasema ALu imechoka. Ndugu zangu, kule Kagera wataalamu wameshathibitisha vimelea wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemetha. Tuitunze dawa hii. Dozi ni mara 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Asiyeweza kula asiache dawa, ameze kwa wakati na ale mara atakapoweza. Akitapika arudi kituoni. Mimi si daktari, maelekezo ya kituo yatangulie.

Na sisi wazima tuna wajibu. Kumzuru mgonjwa ni ibada. Basi ukienda kwa mwenye malaria, usimpelekee soda. Mpelekee maziwa, au uji wa karanga, au samaki wa nazi, na umngoje ale na kumeza dawa yake. Huenda mtumbwi wa kumvusha ndugu yako ni hicho kibakuli ulichobeba.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atusamehe tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.