KITUO CHA MTANDAO NI HAKI YA RAIA, SI HISANI YA MKUBWA



Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ilizinduliwa, na tangu hapo msafiri wa Nairobi huanzia safari yake Miritini. Lakini mama wa Miritini asiye na simu ya intaneti, akitaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, hana budi kumlipa kijana mwenye kompyuta dukani na kumkabidhi nambari ya kitambulisho pamoja na neno la siri. Mlango wa Serikali umehamia mtandaoni. Ufunguo wake yeye hajapewa.

Tarehe 30 Juni 2023 Serikali ilitangaza huduma 5,000 katika eCitizen. Mwezi uliofuata mfumo huo ukashambuliwa, hata wasafiri wa reli wakatatizika kupata tiketi. Serikali imeahidi pia kituo cha kidijitali katika kila wadi, wadi 1,450 kwa jumla. Ahadi hiyo tunaiunga mkono kwa dhati. Kikundi cha akina mama kinachotafuta zabuni katika ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na walemavu hakiwezi kushindana kama hakiufikii mtandao. Kijana asiyeona tangazo la kazi hawezi kuiomba. Mkazi asiyeisoma bajeti ya kaunti hana la kuuliza barazani.

Hata hivyo, wakongwe wa harakati hizi wanakumbuka kwamba kabla ya marekebisho ya 1997 ilitulazimu kuomba leseni ili tukutane, na leseni ilikuwa mkononi mwa mkubwa. Kituo ambacho ufunguo wake umeshikwa na mpambe wa mwanasiasa kitaturudisha kule kule. Aliyepiga kura vibaya ataambiwa mtandao umepotea.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila kituo kisimamiwe na kamati ya wakazi, wakiwemo waumini wa makanisa na misikiti, wanawake, vijana na walemavu, na hesabu zake zibandikwe ukutani kila mwezi. Pili, huduma itolewe kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tatu, siri za mwananchi zilindwe kama inavyoagiza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Tusingoje kuletewa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, inamwagiza ofisa amsaidie asiyejua kuandika, na inataka jibu ndani ya siku 21. Kulituma ombi hakutozwi ada. Ofisa akinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki.

Basi Jumapili hii, baada ya ibada, kila jumuiya iketi na kuandika barua moja: kituo cha wadi yetu kiko wapi, kimetengewa fedha kiasi gani, na nani atakiendesha? Barua itiwe tarehe, nakala ihifadhiwe, na siku zihesabiwe.

Uhuru wa vyama vingi haukuletwa na waliokaa kimya. Haki hii nayo itawafikia wanaoidai.