Studio Ikiuzwa, Wabunifu Hubaki na Nini?

Aprili 2023 kampuni ya Sony, watengenezaji wa PlayStation, ilitangaza kuinunua Firewalk, studio changa ya Marekani inayobuni michezo ya video. Mchezo wake wa kwanza, Concord, ulitoka Agosti 2024. Wiki mbili baadaye uliondolewa sokoni, na Oktoba studio ikafungwa. Wabunifu walipoteza ajira. Haki za mchezo zikabaki mikononi mwa mnunuzi.

Msomaji wa hapa Kintinku atauliza: hayo yatuhusu nini? Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony ulitia mtaji katika Carry1st ya Afrika Kusini. Wanunuzi wameanza kulitazama bara letu. Kupokea mtaji si dhambi. Hatari ni kijana wetu kuuza haki zote za kazi yake kwa kuwa hana mwanasheria wala mkopeshaji mwingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mbunifu, lakini haimzuii kutia saini mkataba mbaya. Kwa hiyo vyuo vinavyofundisha kuandika programu vifundishe pia kusoma mikataba, na kila mbunifu adai sharti moja: studio ikifungwa, kazi irudi kwa walioibuni.