Punje ya Sukulu Haikumfundisha Mjenzi wa Giza

Pale mpakani Busia, kati ya mitumba na mabeseni, nilimkuta mchuuzi akiuza piramidi ndogo za kioo. Alidai zinavuta bahati, kwa kuwa Wamisri wa kale waliiga umbo la fuwele, na fuwele zina nguvu. Sikumlaumu, yuko kazini. Kilichoniudhi ni kulisikia dai hilohilo bwenini, kutoka kwa wenzangu wa chuo kikuu.

Niwape haki yao kwanza. Vilima vya Sukulu, karibu na Tororo, ni mabaki ya volkano ya kale, na udongo wake una magnetaiti, madini ya chuma yanayonaswa na sumaku. Pitisha sumaku kwenye vumbi lake, punje nyeusi zitang'ang'ania. Ukibahatika kupata punje isiyovunjika, utaona nyuso nane za pembetatu, kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Kufanana kupo, sikatai.

Sasa tupime. Uso wa punje hiyo umeinama karibu nyuzi 55 kutoka kwenye kitako. Piramidi Kuu ya Giza ni karibu nyuzi 52. Piramidi Nyekundu ya Dahshur ni karibu 43, na za Meroe, Sudan, zimesimama wima zaidi kuliko zote hizo. Fuwele haina uhuru huo. Atomu za magnetaiti hujipanga kwa mpango mmoja, hivyo pembe ya punje ya Tororo ndiyo pembe ya punje ya kokote duniani.

Tena ipo piramidi moja iliyoikaribia sana pembe ya fuwele, nayo iliwatesa wajenzi wake. Ni ile Iliyopinda ya Farao Sneferu, hukohuko Dahshur. Walianza na karibu nyuzi 54, nyufa zikatokea, na walipofika juu wakapunguza mwinamo hadi karibu 43. Ndugu zangu, anayenakili jiwe hafanyi hivyo. Hao ni mafundi waliokosea, wakaona, wakarekebisha. Kwa Khufu, mwanawe Sneferu, kipimo kilikuwa cha kawaida kabisa: kila ukipanda dhiraa moja, yaani viganja 7, ingia ndani viganja 5 na nusu. Hesabu ya mwashi.

Na waashi hao walikuwa watu. Mafunjo yaliyopatikana Wadi al-Jarf mwaka 2013 yana kumbukumbu za kazi za Merer, msimamizi aliyesafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, yeye na kikosi chake. Mnapoipa fuwele sifa hiyo, mnamnyang'anya Merer jasho lake, Mwafrika mwenzenu, halafu mnaita hayo maarifa ya siri.

Ile piramidi ya kioo niliinunua, naungama. Nikaiweka mezani, nikachukua kipimapembe. Nyuzi 63. Si ya Giza, wala si ya Sukulu.